Aliyekunywa Kabla Yetu

Kabla ya kuonja alikuwa anatoa kila kitu mfukoni. Kisu kidogo, rozari, kadi ya chama iliyolainika kwa jasho, na kipande cha sabuni ambacho miaka ile mtu mwenye akili hakukiacha nyumbani. Alivipanga kwenye benchi upande wake wa kushoto, akamwomba aliyekaa karibu aviangalie, ndipo akanyoosha mkono kupokea kata ya pombe. Mimi nilidhani ni madaha ya mzee. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilidhani mambo mengi.

Tulimwita Mwonjaji. Jina lake analo, na watoto aliowafundisha katekisimu wanalijua, lakini mimi sitaliandika. Nililiharibu mara moja, inatosha.

Ilibidi kijiji chetu kiwe na mwonjaji kwa sababu hatukuwa tunajuana. Tulishushwa na malori katikati ya Bunda na Butiama, wengine kutoka vilimani, wengine kutoka kando ya ziwa huko Murangi, kila nyumba imepewa kiwanja chake kwenye mstari ulionyooka kama mistari ya pamba. Jirani yako hujui babu yake alikufa kwa nini. Huko tulikotoka, mpishi wa pombe alikunywa kwanza mbele ya wageni, na hiyo ilikuwa ahadi ya kutosha. Hapa haikutosha. Watu walisema mwenye sumu yake huwa na dawa yake pia, atakunywa na hatadhurika. Kilabu kilijengwa, mitungi ikaletwa, na Jumamosi ya kwanza watu walikaa wakaitazama mitungi hadi jioni wakarudi makwao na kiu.

Ndipo Mwenyekiti wa kijiji akamtafuta mtu ambaye hakuwa wa ukoo wa yeyote. Mwonjaji alikuwa ametokea upande wa Kisorya, peke yake, na baiskeli isiyo na breki. Kila mtungi, kabla haujauzwa, yeye alikunywa kata moja nzima, akameza, akangoja. Akibaki mzima na akitamka neno lake, watu walikunywa.

Kule kungoja ndiko kulikonitesa. Wengine waliona ni mchezo. Mimi, mtungi ukiwa nimeupika mimi, sikuondoa macho usoni mwake.

"Mzee, sema basi, watu wanakufa kiu!" Mama Bhoke alikuwa anampigia kelele. Huyu ndiye aliyekuwa jirani yangu, nyumba ya pili, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Wakifa kwa kiu, mama, hakuna atakayesema nimewaua mimi."

"Unangoja nini sasa? Imeshafika tumboni!"

"Nangoja nione kama inarudi na habari."

Kwanza aliitazama pombe, akaizungusha kwenye kata aone povu linashika au linakimbia. Kisha alinusa, tundu moja la pua, halafu jingine. Kisha akachukua kidogo, akakiacha mbele ya ulimi, akakipitisha pembeni, akafumba macho, akameza, ndipo akamalizia yote kwa mkupuo. Asubuhi ya siku ya kuonja hakula dagaa wala hakuvuta tumbaku. Alikula ugali wa jana, mkavu, bila chumvi. Alisema ulimi ni kama kibarua, ukiushibisha asubuhi haufanyi kazi.

Maneno yake yalikuwa machache na kila mpishi aliyaogopa. "Hii haina mgongo," akimaanisha nyepesi, inapita mdomoni bila kuacha uzito. "Hii bado imelala," chachu haijafanya kazi. "Hii inapiga kelele," kali lakini haina ladha nyuma ya ukali. Siku moja akina mama wa kikundi cha kijiji walipika mtungi mkubwa wa pamoja, na Mwenyekiti mwenyewe akaja na shati la kola.

"Onja, Mzee, uwaambie watu matunda ya kazi ya pamoja."

Mwonjaji akanywa. Akangoja. Akasema, "Mwenyekiti, hii ni ya pamoja kweli. Kila mmoja ametia maji yake."

Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kumi na moja kabla Mwenyekiti hajaanza kutikisika mabega, na alipocheka ndipo kilabu kizima kikapasuka.

"Mzee," alisema akijifuta macho, "siku moja huo ulimi utakupeleka ndani huko Musoma."

"Nitaenda. Nimesikia bia ya huko wanaipoza."

Usimfikirie kuwa mtu wa hekima tupu. Alikuwa mchoyo wa chumvi hata kwa wagonjwa. Alidanganya umri wake, mara sitini, mara sabini, kutegemea anataka heshima au anataka kusifiwa nguvu. Radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya meza ya kanisa, na watoto wakamwona, na hakujali. Jumapili alifundisha kwamba ulevi ni dhambi, na Jumamosi yake alikuwa wa kwanza kwenye mtungi. Padre alipomuuliza, alijibu, "Baba, mimi sinywagi. Mimi nafanyaga kazi," akalamba mdomo. Lakini ni kweli kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona anayumba. Akishaonja mitungi minne, mitano, alirudisha vitu vyake mfukoni, akasukuma baiskeli hadi nyumbani bila kuipanda.

Sasa mimi. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, hakupika pombe. Nilijifunza peke yangu kwa kuwachungulia wanawake wengine na kuandika kwenye daftari la elimu ya watu wazima: kimea cha ulezi kiasi gani, unga wa muhogo na mtama kiasi gani, unga uliochachuka ukaangwe kwenye bati hadi rangi ipi, uchanganywe na kimea lini, ichujwe mara ngapi. Nilipima kwa kopo moja lile lile. Nilichuja mara tatu ambapo wengine walichuja mara moja. Kama kata ilikuwa na doa, niliitupa. Pombe ya kwetu watu waliipenda kali na chungu, kwa hiyo kila mpishi alichemsha mizizi michungu ya porini na kuitia. Mimi mizizi yangu niliipima kwa mizani ya dukani.

Mara ya kwanza aliponionjea, alifumba macho muda mrefu. Kisha akasema, "Safi. Safi mno. Kama nyumba isiyokaliwa na mtu."

Watu walicheka, wakanywa, mtungi ukaisha. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ushindi. Mimi niliyabeba maneno yale kwa miezi. Nikajiambia: tatizo ni rangi, tatizo ni ule weusi wa udaga, muhogo uliovundikwa. Nikajiambia nitapika pombe ambayo atakosa neno.

Alipenda kupita kwangu asubuhi za katikati ya wiki kuomba machicha ya kulisha nguruwe wake mmoja. Siku moja alikuwa ametoka Musoma, alikokwenda bandarini Mwigobero kumsaidia mtu kupakia dagaa, na dereva wa lori alikuwa amemnunulia bia ya chupa. Alisimulia kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Kali, binti. Na chungu. Chungu kuliko yako."

"Chungu mbaya?"

"Hapana, sikiliza. Ule uchungu unakuja mbele. Unakusalimia hapa kwenye ncha, unakaa, halafu unapungua polepole, kama mgeni anayeaga kwa adabu. Na juu yake kuna harufu ya majani, kama nyasi zilizokatwa jana. Wale wameweka uchungu kwa kuupenda."

"Upo uchungu mwingine?"

Akanitazama. "Upo unaokuja nyuma. Umeshameza, unafikiri mambo yamekwisha, ndipo unakukamata hapa." Akajigusa chini ya taya, karibu na sikio. "Huo ukiuona, hakuna kungoja neno, unatema."

Niliandika yote kwenye daftari. Ukurasa ninao. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema na ulezi ukawa haba, tukategemea muhogo. Muhogo uliobaki mashambani ulikuwa ule mchungu, na kila mtoto wa kwetu anajua muhogo mchungu unavyotengenezwa: unaumenya, unaurundika na kuufunika hadi ulainike na kuota ukungu mweusi, unaukwangua, unauanika hadi ukauke kabisa. Huo ndio udaga. Ukungu ule mweusi ndio ushahidi kwamba sumu imetoka. Unga wake huwa wa kijivu, na pombe yake huwa na kiza.

Mimi sikuutaka ule ukungu. Siku ya pili nilifunua rundo, nikaona muhogo bado mweupe, umelainika nje tu, nikaona jinsi unga wake utakavyokuwa mweupe. Nikauosha, nikauanika siku hiyo hiyo. Unga ulitoka kama wa ngano. Nilijivunia. Nilipougusisha ulimi, ulikuwa na uchungu mdogo, na nikajua ni uchungu upi. Sikuumwaga. Niliongeza mizizi ya porini mara mbili ili mtu yeyote akisikia uchungu, afikiri ni wa mizizi.

Ijumaa, kuku wangu mmoja aliyedonoa unga uliomwagika chini ya bati alianza kuzunguka, akalala ubavu, akafa. Nikamwambia Mama Bhoke ni ugonjwa wa kideri. Nilimzika nyuma ya choo na nikaendelea kuchuja.

Najiuliza nilikuwa nafikiri nini. Jibu ni baya: nilikuwa nafikiria neno atakalosema. Mtungi wangu ulikuwa umetangazwa. Mwenyekiti alikuwa amesema atakuwa wa kwanza kwenye mstari, kwa sababu pamba, licha ya mvua kukatika, ilikuwa imepimwa vizuri na alitaka watu wamwone ana furaha. Kusimama mbele ya watu wote na kusema "nimekosea" kulikuwa, kwangu, kugumu kuliko kuona mtu anakufa. Huo ndio ukweli na nimeugeuza kila upande bila kupata wenye sura nzuri zaidi.

Jumamosi, saa nane mchana, Mwonjaji alipanga vitu vyake kwenye benchi. Nilichota, kata ikagonga mdomo wa mtungi.

"Leo ni nyeupe," alisema akiizungusha.

"Ndiyo, Mzee."

Akanusa. Alirudia kunusa. Aliinua macho juu ya kata akanitazama, na mimi nilikuwa namtazama mdomo. Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa ameshika kikombe chake cha bati, anakigonga-gonga kwenye paja.

Akanywa kidogo. Akafumba macho. Nilifungua kinywa changu. Naapa nilikifungua. Hakikutoa kitu. Akanywa kata nzima, akameza, akangoja, na nikaona mkono wake ukipanda chini ya taya na kushuka haraka, kama mtu aliyefukuza nzi.

"Haya, neno!" alisema Mwenyekiti.

Mwonjaji akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko cha kilevi, kirefu. "Neno gani? Hii haina neno! Hii..." Akainuka, akayumba kushoto, akayumba kulia, akajaribu kushika nguzo na kuikosa, akauangukia mtungi wangu kwa uzito wake wote. Ulipasuka vipande. Pombe nyeupe ikatapakaa hadi miguuni mwa watu.

Kelele iliyofuata nisingependa kuieleza. Watu walikuwa wamengoja tangu asubuhi. Mama Bhoke alimnyanyua kwa kola. "Mzee mzima! Mtungi wa mtoto wa watu! Kumbe siku zote unatuficha, ni mlevi tu!"

"Ndiyo, mama," alisema. "Leo nimezidiwa."

Nilikuwa nimepiga magoti naokota vigae. Alipopita karibu yangu aliinama kama anayetafuta kisu chake, akasema kwa sauti ya chini isiyo na ulevi hata kidogo, "Fukia hapa sasa hivi. Kuku wasidonoe."

Nilifukia. Baadaye Mama Bhoke alimkuta nyuma ya ghala la pamba amejikunja, anatapika povu, hawezi kusimama. Akaita watu waje waone mlevi. Siku mbili hakutoka ndani. Siku ya tatu Mwenyekiti alimwambia kilabu hakimhitaji tena. Watoto aliowafundisha wakaanza kumwigiza njiani, wanayumba na kuanguka. Padre akamnyang'anya katekisimu. Kabla ya mwezi kuisha alisukuma baiskeli yake hadi barabara kuu na kuondoka.

Nami nilisimama mlangoni nikamwona anaondoka. Mama Bhoke alinipa mtungi wake wa akiba na kuniambia pole, mwanangu, mzee amekuharibia. Nilisema asante.

Tangu hapo nimeelewa kwa nini hakutema. Angetema mbele ya kijiji cha watu wasioaminiana, na mpishi akiwa msichana asiye na mume wala kaka pale, nisingefika nyumbani. Mwanamke mmoja kijiji cha jirani alichomewa nyumba kwa uvumi tu. Yeye alikuwa na muda wa kumeza mara moja, na ndani ya muda huo aliyapima yote mawili, roho yangu na roho za wanywaji, akamweka mtu mmoja juu ya mizani: yeye mwenyewe.

Mwaka huu nilipanda lori la mizigo kutoka Bunda hadi Kisorya. Ilinichukua miaka minne kufunga safari ya siku moja. Nilimkuta karibu na kivuko, kwa mtoto wa dada yake, anageuza dagaa juu ya mkeka. Amepungua. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekonda. Unapikaga bado?"

"Napikaga. Naonja mwenyewe, na Mama Bhoke baada yangu."

Akasogea, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nimeyapanga kama vikombe, na yote yalipotea. Nikasema tu, "Mzee, nilijua. Kabla hujanywa. Kuku wangu alikufa Ijumaa."

Aliendelea kugeuza dagaa.

"Kuku sikumjua," alisema mwishowe. "Muhogo niliujua kwa pua. Nikafikiri, huyu mtoto hajui alichofanya." Akaacha kugeuza. "Kumbe ulijua."

"Ndiyo."

"Miaka minne nimekuwa nikikuhurumia."

Nikaanza kulia, na alinitazama nikilia bila kunibembeleza, na nadhani ilikuwa haki.

"Umekuja nikusamehe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi hapa watu wananiita mzee wa dagaa. Hakuna anayeniita mlevi. Wanaoniita mlevi wako kwenu. Umekuja kuniambia mimi ninachokijua."

"Twende pamoja, Mzee. Nitasema ukiwepo."

"Mimi nilikunywa peke yangu." Akachukua mkeka upande mmoja, nikashika upande mwingine bila kuambiwa, tukausogeza juani. "Gari yako itakuacha."

Jumamosi iliyofuata nilipeleka mtungi kilabuni. Ilikuwa pombe nzuri, ya udaga mweusi, ina kiza, ina mgongo. Nilionja, Mama Bhoke akaonja, akaanza kuchota. Mwenyekiti alikuwa ameshapewa kikombe.

"Mama, weka kata chini," nilisema.

"Kuna nini?"

Nilisimama juu ya benchi ili wote wanione. Nikasema. Muhogo wa siku mbili, mizizi mara mbili, kuku, kata, na kwamba mzee hakulewa. Sikusema vizuri. Nilirudia mambo, nilianza katikati, nikasahau kusema kwamba alitapika hadi Mama Bhoke akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nilimwona. Nikaita watu wamcheke."

Mwenyekiti alitazama ndani ya kikombe chake. "Siku ile mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwenye mstari," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. Akakiweka kikombe kwenye benchi taratibu, kimejaa, akatoka. Wakatoka wote, mmoja mmoja. Mama Bhoke ndiye alikuwa wa mwisho. Alinigusa bega, au alinisukuma nimpishe, sijui.

Nilibaki na mtungi uliojaa. Sikujua kama watanirudia na fimbo. Nilikaa pale hadi ng'ombe waliporudi, nikimsikiliza kila anayepita.

Asubuhi, Mwenyekiti na mzee mmoja wa kanisa walipita mbele ya mlango wangu kuelekea barabara ya Kisorya. Mzee wa kanisa alishika kitabu cha katekisimu. Mwenyekiti alikuwa amefunga sukari kwenye kitambaa, ingawa hakuna mwenye sukari mwaka huu. Hawakunisalimia. Niliwatazama hadi wakapotea kwenye kona ya pamba, ndipo nikaingia ndani, nikasonga ugali, nikala, nikaumaliza.